Nyumba Isiyolalamika

Nyumbani kwa Mama Mkubwa, mtu akilalamika mezani, chakula kinasimama. Kama Mama Mkubwa alikuwa anapakua, mwiko ulibaki hewani. Kama alikuwa ameshafunika sufuria, mfuniko haukufunuliwa mpaka aliyelalamika ashukuru, na ashukuru kwa kitu kilekile alichokilalamikia. Ukisema maharage yana chumvi nyingi, huwezi kuponea kwa kushukuru uzima. Unashukuru chumvi.

Nimewahi kuona mchungaji akinaswa. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, amekaa kwenye kochi pale sebuleni Nyahanga, anajipepea kwa kitambaa, akasema, "Jua la Kahama mwaka huu litatuua." Mama Mkubwa alikuwa ameinama na sinia la wali. Akasimama wima, sinia mkononi, akamtazama kwa upole.

"Mchungaji, tunakusubiri."

"Mnanisubiri nini, mama?"

"Jua," akadakia Mabula, mwanawe wa pekee, ambaye njaa haikuwahi kumfundisha adabu. "Lishukuru, mchungaji, wali unapoa."

Mchungaji alicheka, akidhani ni utani. Sinia halikushuka. Basi akakohoa, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa jua linalokausha mpunga na kuua kunguni kwenye magodoro. Jumapili iliyofuata alilihubiri jua hilohilo madhabahuni, bila kusema alilitoa wapi.

Niliishi kwake miaka yote ya sekondari, na likizo za chuo pia, kwa sababu mama yangu, mdogo wake, anauza dagaa Nkome na aliona kule ziwani nisingesoma. Chuo nilikwenda Dodoma, nikasomea mambo ya jamii, nikarudi na ugonjwa wa kuuliza kila kitu kinamfaidi nani. Niliiuliza hata sala ya chakula. Mabula akaanza kuniita Profesa, na jina hilo halijanitoka mpaka leo.

Majirani walimpa Mama Mkubwa jina pia. Walimwita Mama Wabeja, kwa sababu wabeja, yaani asante ya Kisukuma, ndiyo iliyokuwa kila mara mdomoni mwake. Aliwaambia wabeja bodaboda, wauza mkaa, mgambo waliomfukuza mtaroni na nyanya zake. Nimemsikia akimwambia wabeja dume la ng'ombe lililompisha njiani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyopasuka kwa tope la majaruba, maana mpunga wake ulikuwa Kagongwa na aliulima mwenyewe. Alitembea kwa haraka, kiwiliwili kikitangulia, kama mtu anayesukuma mlango. Alipocheka alifunika mdomo kwa pembe ya khanga, hata akiwa peke yake.

Hakuwa mpole, na nisieleweke vibaya hapo. Wapo watu wanaoshukuru kwa sababu hawana nguvu ya kufanya jambo jingine, na nilipokuwa mdogo nilidhani yeye ni wa kundi hilo. Siku moja mvua ilinyesha, paa likavuja juu ya madaftari yangu. Nikamuuliza, nikiwa na hasira za kidato cha tatu, "Mama Mkubwa, kama kila mtu humu ndani anashukuru, bati bovu atalitengeneza nani?"

"Atakayeloa," akajibu.

Asubuhi alikuwa juu ya paa na kopo la lami, sketi ameifunga mapajani, anamwimbia Mungu sifa kwa kumpa bati la kuziba. Mabula alikuwa chini anashika ngazi na kuomba watu wasipite.

Sokoni hakujua kubishania bei kama wanavyobishania wengine. Kagongwa mnunuzi huanza kwa kulaumu: mpunga wako una mapepe, mahindi yako yametobolewa, kitambaa chako kitachuja. Mama Mkubwa alianza kwa kusifu. Aliusifu mtumba mpaka muuzaji mwenyewe akaona haya, akaanza kumwonyesha ulipochanika. Sijui kama ilikuwa hila. Nilimuuliza mara nyingi, naye aliniambia, "Wewe kila kitu unakipasua kutafuta mbegu. Mengine ni majani tu, mwanangu."

Na alikuwa na dosari moja katika sheria yake: kuku. Kwa kuku alilalamika. Mapema, kabla watu hawajaamka, alikwenda uani na pumba, akawaeleza kuku yote ambayo hakumwambia binadamu. Dirisha langu lilikuwa juu ya banda, kwa hiyo nilisikia. Nilisikia habari za mke wa mzee wa kanisa aliyemnyima kiti, za mgongo, za Mabula kuacha shule na kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. "Na wewe jogoo," alisema mara moja, "unanitazama hivyo kama Baba Mabula. Sema neno basi!" Halafu aliingia ndani, akanawa mikono, akanigongea mlango na kusema tumshukuru Mungu kumekucha.

Nilimcheka kwa siri. Baadaye niliacha kucheka, nikaanza kuamka mapema ili nisikie.

Sheria ya kutolalamika ilikuwa na upande wa pili. Kabla ya kula, kila mtu alitoa shukrani yake, na haikuruhusiwa kuwa ya juzi. Aliikataa pia shukrani iliyotiwa maji. Mabula alipokuwa likizo kutoka shimoni ndiye aliyemjaribu zaidi.

"Namshukuru Mungu kwa dagaa wa leo," alisema siku moja, mikono ameikunja kifuani. "Na namshukuru kwa dagaa wa jana. Na kama ni mapenzi yake, namshukuru mapema kwa dagaa wa kesho."

Baba Mkubwa, mumewe, alikohoa kuficha kicheko. Mama Mkubwa alivuta khanga mdomoni, mabega yakamtikisika, kisha akasema, "Hayo ni masengenyo, wewe. Rudia."

"Nashukuru nimekaa nyumbani leo," Mabula akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine. "Kule watu wanakula wamechuchumaa."

"Amina," tukasema.

Hapo ndipo sheria hiyo iliponisumbua, kwa sababu ilifanya kazi. Chuoni bwenini tulilalamika kama watu wanaopumua. Ndivyo tulivyofahamiana: mkopo umechelewa, maji hakuna, mhadhiri hajui anachofundisha. Asiye na lalamiko alionekana mshamba au mpelelezi. Nilizoea, nikawa hodari. Kisha nilikuwa narudi Nyahanga, na baada ya siku chache ningeanza kuona vitu: harufu ya michembe, vile viazi vikavu, inayochemka na karanga, ukimya wa Baba Mkubwa, ambao haukuwa wa chuki. Nilikuwa naviona kwa sababu jioni nitaulizwa. Sikutaka kukubali. Nilijiambia ni mazoea tu, kwamba mtu anaweza kuzoezwa kushukuru hata kamba inayomfunga, na kwamba ipo siku nyumba hii italipia.

Kuhusu sheria ilikotoka, yeye hakusema. Niliambiwa na mama yangu, Nkome, tukianua dagaa kwenye mchanga.

Zamani, Mabula akiwa hajaota meno yote, Mama Mkubwa alikuwa mlalamishi wa kutisha. "Dada yangu alikuwa na ulimi," mama alisema, "ungeweza kumchinjia nao mbuzi." Alilalamikia mvua, wakwe, kuni, mshahara wa mumewe aliyekuwa anapakia mizigo Isaka, namna anavyotafuna, namna anavyovua viatu. Mumewe hakujibu. Asubuhi moja aliinuka mezani chai ikiwa nusu, akatoka bila kuaga. Hakurudi msimu mzima wa mvua. Watu walileta habari kwamba dhahabu imetoka upande wa Geita na kwamba yuko huko, anasaga mawe kwenye karasha.

Mama Mkubwa akamfuata, mtoto mgongoni. Alimkuta amejaa vumbi jeupe kichwa mpaka miguu, mashine inanguruma, na mama aliapa kuwa dada yake alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Lakini kwenye basi alikuwa amekaa jirani na mwinjilisti mmoja mzee aliyekuwa anasimulia habari za wana wa Israeli, jinsi walivyonung'unika jangwani mpaka mana ikawachosha mdomoni. Alipofika mbele ya mumewe, alichosema ni, "Nimekuja kukushukuru kwa lile bati uliloezeka."

"Shemeji alidhani amerukwa na akili," mama alisema. "Alirudi naye nyumbani ili amwangalie tu asijidhuru."

Tangu siku hiyo hakumlalamikia tena, wala hakuruhusu mtu alalamike mbele yake. Ninapoifikiria hadithi hii huwa naona sehemu ambayo mama yangu hakuisema. Mwanamke yule hakuwa tu amempata Mungu kwenye basi. Alikuwa ameogopa. Na hofu ile alikaa nayo miaka yote ile akiipakulia wali.

Sasa nije kwenye mguu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri kazi, kila siku nikiandika maombi yasiyojibiwa. Jioni moja zamu ya kushukuru ilimfikia, akasema, "Mimi namshukuru Mungu kwa huu mguu. Nimekanyaga kigae majarubani, kimenichana chini ya kidole gumba, nyama imeonekana, na hakijauma hata kidogo. Mungu ni mwema."

"Amina," akasema Baba Mkubwa.

Nilibaki na kijiko mkononi. Mtu akichanwa na kigae, anaumia. Hata ng'ombe anaumia. "Hakiumi kabisa, Mama Mkubwa?"

"Kabisa. Si ndiyo nashukuru?"

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilianza kumtazama jinsi mtu anavyotazama mtungi wenye ufa. Kidonda hakikufunga. Kila jioni alikiosha kwa maji ya chumvi, na kila alipomaliza alisema afadhali hakina maumivu. Alfajiri nilikaa dirishani kusikiliza, nikitumaini kwamba kuku wataambiwa ukweli. Lakini hata kuku hawakuambiwa kitu kuhusu mguu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hakuwa anaficha. Hakika hakusikia chochote.

Nikampeleka zahanati ya jirani. Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi amechoka, na mazungumzo yao nayakumbuka yote kwa sababu yalikwisha haraka.

"Mama, unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, mwanangu. Wewe je? Kazi nyingi?"

"Kidonda kinauma?"

"Hakiumi, wabeja sana."

"Usingizi unapata?"

"Napata, Mungu ni mwema."

"Mwangalieni vizuri, nesi," nikaingilia. "Ana muda mrefu na..."

"Wewe ndiye mgonjwa?" akaniuliza. "Mwache mama aeleze mwenyewe."

Na mama akaeleza mwenyewe, yaani akashukuru. Kidonda kilisafishwa, kikafungwa, akapewa vidonge, tukarudi. Njiani nilikuwa nataka kupiga kelele. Sikumlaumu yule muuguzi. Asubuhi nzima watu walikuwa wanamlilia, na huyu ndiye pekee aliyemuuliza kuhusu kazi. Nilikuwa natambua kitu ambacho sikukisoma kwenye kitabu chochote, kwamba matibabu yote yamejengwa juu ya mtu kusema inauma, na kwamba mimi nimeishi na mtu aliyeliondoa neno hilo mdomoni mwake kwa mikono yake mwenyewe.

Siku chache baadaye alikuwa uani anapeta mchele, mguu uliofungwa ameunyoosha mbele. Bandeji ilikuwa na unyevu wa kijani. Nikakaa karibu yake.

"Mama Mkubwa, twende hospitali kubwa. Na tukifika, ulalamike."

"Nimlalamikie nani?"

"Daktari. Ndiyo kazi yake."

"Nilalamikie nini sasa? Mguu hauumi."

"Lalamika hivyohivyo. Sema, nina mguu usiouma."

Akacheka, khanga mdomoni. "Jamani! Chuo kimewafundisha kulalamikia afya."

Sikucheka. Akaona, akaweka ungo chini. Alitazama kwanza mlango wa nyumba, ambako Baba Mkubwa alikuwa anasikiliza taarifa ya habari redioni, kisha akaongea kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Wewe hukunijua. Mama yako alinijua. Lalamiko si kitu unachokitoa kimoja ukafunga mlango, mwanangu. Kwangu mimi halikuwahi kuwa kimoja. Nikianza na mguu nitaingia kwenye mgongo, nikitoka mgongoni nitamkuta Mabula shimoni, kisha nitamkuta yeye." Akanyanyua kidevu kuelekea redio. "Na akiondoka safari hii, ni mzee. Hataweza kurudi."

"Hataondoka."

"Umesomea hilo pia?"

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba tulikuwa tunashindania kitu kizito kuliko mguu. Mimi nilikuwa naogopa atakufa. Yeye alikuwa anaogopa ataachwa, na kati ya hofu hizo mbili alikwishachagua ipi ni kubwa.

Nilimweleza Baba Mkubwa nyuma ya nyumba, maana si rahisi kumwambia mzee habari za mkewe. Alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe. Asubuhi nilimkuta amevaa koti la kanisani na viatu vilivyopakwa rangi, amesimama mlangoni.

"Mama Mabula, twende mjini," alimwambia mkewe. "Nina shida huko."

Alimfuata kwa sababu mumewe alisema shida ni yake.

Daktari alikuwa kijana, labda mwenzangu kwa umri, mchangamfu. "Haya mama, shida nini?"

"Shida hamna, daktari. Namshukuru Mungu."

"Kumbe umekuja kunisalimia! Shikamoo basi."

"Nimekuja na hawa. Huyu binti ana hofu, ndiyo elimu yake. Na mzee anasema ana shida."

Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani. Akainuka, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

"Ndiyo, daktari. Mimi nina lalamiko."

Mama Mkubwa aligeuka. Nadhani katika ndoa yao yote neno hilo halikuwahi kutoka kwenye kinywa kile.

"Huyu mama anakunywa maji kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka Shinyanga," alisema. "Usiku anatoka nje mpaka mbwa wamechoka kumbwekea. Uzi akitaka kushona ananipa mimi nitunge, na macho yangu mimi ndiyo mabovu. Wiki iliyopita alirudi kutoka bombani na kandambili moja. Nyingine ilikwama kwenye tope, hakujua. Amefika mpaka sebuleni, hakujua."

"Baba Mabula!"

"Sijamaliza. Na kidonda kinanuka, daktari. Nalala nacho. Sijasema, kwa sababu nyumbani kwetu hatusemi."

Utani ulimwishia daktari. Aliifungua bandeji taratibu, akatazama, akachukua sindano na kumgusa wayo. "Unasikia hapa, mama? Hapa je?" Mama Mkubwa alikuwa anatazama dari, anangoja kuguswa. Hakujua ameshachomwa mara kadhaa. Wakampima damu kidoleni. Daktari alitazama kile kipimo, akatoka kumwita mwenzake.

Ilikuwa kisukari, cha siku nyingi, na mguu ulikuwa umekufa ganzi. Walimlaza siku hiyohiyo. Walikata kidole gumba na kilicho jirani yake, na wakatuambia kwamba kama tungengoja zaidi wangekuwa wanazungumza habari za goti.

Ninachokikumbuka zaidi ya damu na harufu ya dawa ni macho yake siku zile wodini. Hayakuwa kwenye mguu. Kila mumewe alipoinuka kitini, hata kwenda kununua maji, yalimfuata mpaka mlangoni, yakakaa pale mlangoni mpaka aliporudi.

Mtu angetegemea sheria ya nyumba ile ife hapo. Mimi nilitegemea, na nilikuwa tayari kuizika. Haikufa. Akiwa bado kitandani alishukuru kwa vidole vilivyobaki, akivitaja, nami nikatoka nje kwa hasira nikampigia Mabula simu machimboni Geita.

"Anashukuru!" nikamwambia. "Wamemkata, na anashukuru. Hii ni dini au ni ugonjwa?"

"Profesa, wewe unataka alie ndiyo uamini anaumwa?"

"Nataka aseme ukweli."

Nyuma yake nilisikia mashine. "Sikia," akasema. "Kule chini kuna magogo yanayoshika mwamba. Yakianza kulia, mtu anapiga kelele, wote tunatoka. Sasa yupo mmoja hapa anapiga kelele kila siku: joto, kamba, uji mbaya. Siku magogo yakilia kweli, nani atamsikia huyo? Mama akisema neno, mimi natoka mbio. Ndiyo faida yake."

"Na asiyepiga kelele kabisa?"

Mabula alivuta pumzi. "Huyo," akasema, "ndiye tunayemfukua."

Nikakata simu, nikarudi wodini.

Mara ya mwisho kumwona ni baada ya mavuno ya mpunga mwaka huu. Nilikuwa nimepata kazi ya muda Geita, ya kuhoji wachimbaji wadogo na kuandika majibu yao, nikaomba ruhusa nije Jumapili. Mabula naye alikuwa amerudi likizo. Nilimkuta Mama Mkubwa kwenye kiti cha chini mlangoni, fimbo pembeni, amepungua mabega. Majaruba alikuwa amemkodishia mtu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Tumshukuru Mungu umefika na mifupa yote."

Tukakaa mezani mchana, watu wanne, kuku amepikwa kwa ajili yangu. Mabula alishukuru kwa kazi yangu ya muda, akaongeza kwamba sasa nalipwa kwa kuuliza maswali niliyokuwa nawasumbua nayo bure. Baba Mkubwa alishukuru kwa mvua. Mimi nilishukuru kwamba njia nzima kutoka Geita nilikuwa na mtu wa kumwendea, na nilipomaliza niligundua kuwa sikuwa nimetafuta jambo la kusema. Lilikuwapo.

Ikabaki zamu yake. Mvuke wa wali ulipanda mbele ya uso wake ukaisha.

"Mama," Mabula akasema polepole, "tunakusubiri."

"Kinauma," akasema.

"Nini?"

"Kidole."

"Kidole kipi, Mama Mkubwa?" nikauliza.

"Kile walichokata." Alisema akitazama sahani. "Usiku kinawaka kama kimewekwa kwenye makaa. Kilipokuwepo hakikuniuma, leo hakipo ndiyo kinauma. Na juu yake hapa pamevimba tena. Ni siku kadhaa sasa. Nimechoka. Leo sina cha kushukuru."

Mabula, mtu wa utani, hakuwa na utani. Sote tulimtazama Baba Mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatazamwa na mkewe. Mzee aliweka kijiko chini. Akafuta mdomo. Akainuka, akatoka nje, mlango ukarudi nyuma yake, na tukasikia hatua zake zikipita uani mpaka barabarani.

"Nilikwambia," Mama Mkubwa aliniambia. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. "Si nilikwambia, mwanangu?"

Nilitaka kumwambia atarudi, lakini sikuwa na uhakika, na yeye si mtu wa kupewa maneno yasiyo na uhakika. Mabula alisimama kumfuata baba yake. Mama akamshika shati. "Mwache. Kaa." Tulikaa. Nilisikiliza barabara kwa namna ambayo sijawahi kusikiliza kitu. Zilipita pikipiki. Alipita mtu anauza barafu. Nilimwona akianza kutikisa midomo, na nadhani alikuwa anatafuta jambo la kushukuru, lolote, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kiberiti.

Kisha bajaji ikasimama nje, na Baba Mkubwa akaingia, anahema, jasho limemlowesha kola.

"Mama Mabula, inuka."

"Niende wapi?"

"Kwa daktari."

"Sikusema nataka daktari. Nimesema kinauma tu."

"Nimesikia."

"Leo Jumapili, Baba Mabula. Na kidole chenyewe hakipo. Watatibu nini?"

"Utawaeleza wewe. Mimi safari hii sisemi." Akainama, akaupitisha mkono wake chini ya kwapa la mkewe. "Shika hapa."

Alilia alipokuwa anainuka, kidogo, bila sauti, na hakujifunika kwa khanga. Tukambeba mpaka bajaji. Nilikaa upande mmoja, Baba Mkubwa upande wa pili, na mguu ule uliokatwa vidole akauweka mapajani mwake, juu ya suruali yake ya kanisani. Sikujua uvimbe ule una maana gani. Nilikuwa nahesabu kichwani mambo yote mabaya niliyowahi kusoma, kutoka wayo kwenda goti, na bado nayahesabu ninapoandika hapa.

Tulipofika kwenye kona ya kanisa, gurudumu likaingia shimoni, Mama Mkubwa akashtuka.

"Polepole wewe kijana, umebeba watu!" akasema. "Na hili shimo, wazee wa kanisa wanalipita kila Jumapili na suti zao, hawaoni? Mgongo nao huu. Tangu nitoke wodini mgongo haujakaa sawa, kitanda chetu kimeshuka katikati, nimekuwa nikilala bondeni. Na wewe, Baba Mabula, unaondoka mezani bila kusema unakokwenda, mtu anajua nini? Huwezi kusema nakwenda kuita bajaji? Maneno matatu! Yangekuua?"

Alinyamaza ghafla, akamtazama mumewe. Mzee alikuwa ameshika mguu wake kwa mikono yote miwili ili usitikisike, macho yake yako mbele barabarani.

"Eeh," akasema. "Endelea."